Mahindi Yaliyoungua Bila Harufu

Tulimwacha Kavindu juu ya jabali, amepaza sauti mbele ya watu mia moja: "Usitupe!"

Nabii akatupa.

Gunia la kwanza likaanguka katikati ya moto. Likafuata la pili, kisha la tatu. Ndani ya magunia hayo, kwa maneno ya Nabii mwenyewe, mlikuwa na mbegu zote za nyumba kumi na nne: mahindi, kunde, mbaazi, maharagwe. Watu wakaimba. Wanawake waliozichambua mbegu hizo punje kwa punje tangu Februari nao wakaimba, ingawa sauti zao hazikupanda sana.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hajalisoma, nieleze upesi. Ni Novemba, mwaka 1999, upande wa Mwala. Dunia imebakiwa na wiki sita. Usinitazame mimi, hesabu hiyo ni ya Nabii. Redioni nako wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitashikwa na wazimu. Mwala nzima kompyuta ilikuwa moja, tena imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, lakini watu waliogopa vilevile.

Nabii alitufikia mwezi wa Agosti. Lori lilishika moto kwenye mteremko na mtu mmoja akaruka kutoka ndani akiwa mzima, sikio moja tu limebabuka. Wachungaji wa mbuzi waliokuwa karibu walikuwa wamesoma Maandiko yao. Eliya alichukuliwa mbinguni na gari la moto. Huyu ametoka ndani ya gari la moto. Basi ni nani?

Mwenyewe, tuseme haki, siku ya kwanza aliomba maji ya kunywa tu. Siku ya pili, alipoona anaitwa Eliya na kuletewa kuku, akakumbuka kwamba kweli ndiye.

Akajivika vazi la ngozi ya mbuzi. Akawafundisha watu unabii wa Malaki, kwamba kabla ya ile siku kuu na ya kutisha lazima Eliya atangulie. Akala asali ya mwitu kama Yohana Mbatizaji. Nzige hawakupatikana, kwa hiyo kuku akakaimu nafasi hiyo. Na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa tarehe 31 Desemba, akatangaza kwamba mtu anayepanda mbegu mwezi wa Novemba anamwita Mungu mwongo. Kila nyumba ilete mbegu zake katika kiondo, zitakaswe, kisha ziteketezwe juu ya Karmeli. Karmeli ni lile jabali nyuma ya shule ya msingi ambapo watoto huteleza wakararua kaptula.

Kavindu alikataa. Mumewe, Munyao, alingoja ameenda mtoni, akaiangua mbegu yake iliyokuwa imening'inia kwenye kiondo juu ya meko ya jikoni, akaipeleka; mkewe hakugundua mpaka siku ya moto. Ndiyo maana tulimkuta mama huyu jabalini, pumzi zimemwishia, akipiga kelele.

Sasa twende.

Moto ulikuwa mkubwa. Ulikuwa umetoka mbinguni ukipitia kwenye kiberiti cha Nabii na chupa ya mafuta ya taa. Kavindu akasogea mpaka joto likamchoma uso. Akasimama, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlango.

"Nyamazeni!" akasema.

"Mama Kalekye, tafadhali, usiniaibishe," Munyao akamnong'oneza. Alikuwa kando ya Nabii, daftari mkononi, kalamu mfukoni.

"Nyamazeni, nyinyi! Si mnasikia?"

"Tusikie nini?" mtu akauliza.

"Hakuna kitu. Hiyo ndiyo mimi nasema. Mahindi ikiingia kwa moto inalia, pa! pa! pa! Na harufu yake inafika mpaka kwa jirani. Hii moto imenyamaza. Gunia tatu ya nafaka inaungua, na mimi sisikii hata njaa!"

Nyimbo zikapungua. Wanawake kumi na watatu wakanusa. Hakuna mwanamke wa Mwala asiyejua harufu ya mahindi yaliyosahauliwa motoni, na hakuna aliyeisikia.

Nabii hakubabaika. Akapangusa jasho chini ya ngozi ya mbuzi, maana Novemba si mwezi wa kuvaa ngozi ya mbuzi.

"Mama," akasema kwa upole, "hii ni moto ya juu. Moto ya juu haina harufu."

"Ameni!" wakaitikia waliotaka mambo yaishe.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya umati. Alikuwa Titus, katekista wa Wakatoliki, ameegemea baiskeli yake. Alisema alikuwa anapita tu. Njia ya kwake haipiti pale, lakini tumsamehe.

"Nabii, niko na swali moja tu, ya kunisaidia kufundisha watoto. Yohana Mbatizaji, si huyo ndiye alikuja kwa roho ya Eliya? Si Yesu mwenyewe alisema hivyo? Sasa hiyo unabii ya Malaki si ilishatimia zamani?"

"Hiyo ilikuwa ya kuja kwa kwanza," Nabii akajibu bila kufikiri. "Kuja kwa pili kuko na mtangulizi wake."

"Sawa. Lakini Yohana alipoulizwa kama yeye ni Eliya, alikataa. Alisema hapana, mimi siye."

"Alikuwa mnyenyekevu."

"Na wewe je?"

"Unyenyekevu ulikuwa wa kuja kwa kwanza."

Munyao akaandika jibu hilo daftarini, akapigia mstari.

Kabla Titus hajauliza jingine, tone likaanguka. Likafuata jingine. Wingu lililokuwa limekaa juu ya vilima tangu asubuhi likafunguka lote mara moja, mvua ya kwanza ya vuli, ile ambayo watu wa huku huingojea mwaka mzima. Eliya wa kwanza alimwagia madhabahu yake maji pipa kwa pipa na moto ukayalamba. Moto wa Eliya wetu ulizimika ndani ya dakika nne.

Watu wakakimbilia chini ya paa la shule. Kavindu hakukimbia. Alipanda juu ya majivu yaliyokuwa yakitoa mvuke, akachokora kwa fimbo. Mdomo wa gunia moja ulikuwa haujaungua. Akauvuta, vitu vikamwagika miguuni pake.

Magunzi. Magunzi matupu ya mahindi, yaliyopukuchuliwa zamani.

"Kujeni muone mbegu zenu!" akawaita.

Walikuja. Waliona. Mumbua, jirani yake wa mlango kwa mlango, mjane wa watoto watano, akaokota gunzi moja akaligeuza mara mbili kama anayetafuta punje iliyojificha. Machozi yakamtoka.

Unadhani mambo yaliishia hapo? Unadhani watu walimfunga Nabii kamba wakampeleka kwa chifu? Basi hujawahi kuishi na watu waliokwisha kutoa. Mtu aliyetoa mbegu yake yote hana haraka ya kuambiwa ametapeliwa.

Nabii akainua mikono juu kwenye mvua. "Mmeona! Mmeona muujiza! Mungu amegeuza mbegu ikawa magunzi, mbele ya macho yenu! Na ni kwa nini? Kwa sababu kuna mama mmoja hapa alipiga kelele wakati wa sadaka!"

Macho yote yakamgeukia Kavindu.

Ndiyo, msomaji. Wewe hujapata kuona mwizi anayekudai msamaha, lakini Mwala tulimwona siku hiyo. Kavindu akachukua magunzi mawili, akayazungushia kile kipande cha gunia kilichosalia, akakifunga kwenye leso yake na kwenda nyumbani huku wenzake wakimpisha njia kama mtu mwenye ukoma.

Jioni ile Munyao alirudi nyumbani akiwa amelowa. Kalekye, binti yao wa miaka kumi na sita, akamwekea baba yake chai. Wadogo zake watatu walikuwa wakila muthokoi wa mwisho, mahindi ya kukobolewa, na hawakubakisha.

"Baba Kalekye," Kavindu akaanza, "mvua imeanza. Watu wa kanisa zingine wamelala na jembe. Wiki moja ikiisha hujapanda, hiyo mahindi hata Januari haioni. Hawa watoto watakula nini?"

"Hakutakuwa na Januari."

"Na ikiwa itakuwa?"

Munyao akanywa chai. Huyu bwana, kwa miaka kumi na minne, alishona midomo ya magunia katika kiwanda kimoja Athi River, mpaka mwaka jana wakampunguza kazi pamoja na wenzake. Alirudi na barua moja ndani ya bahasha. Alikaa mwaka mzima nje ya nyumba akihamisha kiti kufuata kivuli. Nabii alimpa daftari, kalamu na cheo cha Katibu wa Mtangulizi. Mimi simcheki sana mtu aliyepewa cheo baada ya mwaka kama huo. Namcheka kidogo tu.

"Lete hiyo Biblia yako," Kavindu akasema. "Hiyo Malaki munasoma kila siku. Kalekye, soma pale mwisho. Si ule mstari wa Eliya kuja. Ule unafuata."

Kalekye akasoma. Ni mstari unaosema kazi ya Eliya akija ni ipi: ataigeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao.

"Umesikia?" Kavindu akauliza. Sauti yake ilikuwa chini sasa. "Haisemi atavaa ngozi. Haisemi atakula kuku. Inasema atageuza moyo ya baba iangalie watoto. Basi niambie, tangu huyu mtu akuje, moyo yako imeangalia nani?"

Munyao aliweka kikombe chini. Alimtazama Kalekye, akawatazama wale watatu, hasa yule mdogo aliyekuwa akilamba sufuria. Kisha akainuka akatoka nje kwenye manyunyu.

Kavindu alimwona kupitia dirishani akielekea nyuma ya zizi, mahali ulipotundikwa mzinga wake mtupu. Asali yake yote aliimaliza Nabii mwezi wa Septemba. Lakini wiki hii Munyao alikuwa ameupanda mti ule mara mbili kwa siku kuuchungulia.

"Anatafutia Eliya asali nyingine," Kavindu akamwambia binti yake, akacheka kicheko kibaya. Usiku ule alilia, naye hakujificha.

Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita. Mashamba ya Wakatoliki na ya wale wa kanisa la ng'ambo ya mto yakaanza kuonyesha mistari. Mashamba ya watakatifu kumi na wanne yakaota magugu.

Jumatano, saa nne asubuhi, Mumbua akaja mbio kwa Kavindu. Alikuwa hajaonekana tangu Jumapili. Alipiga magoti mlangoni.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Mimi pia nilikuachia njia siku ile."

"Inuka. Umetoka wapi?"

"Konza. Kwa dada yangu. Nilisema niende nitafute kibarua, watoto wale. Mbegu si iligeuka magunzi?" Akatabasamu kwa uchungu. "Nikapata kwa mama mmoja anaitwa Emily, anapanda ekari nne. Akanipa jembe, akanipa mbegu. Akanipa ndani ya hii."

Akafunua shuka. Ndani yake mlikuwa na kiondo.

Kavindu hakukishika mara moja. Alikikodolea macho.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa faida ya wasomaji wanaume. Kwenu nyinyi kiondo ni kiondo. Mnakibeba, mnakisahau basini, mnanunua kingine. Lakini waulize mama zenu. Mwanamke wa Ukambani anajua kiondo chake gizani kwa vidole. Anajua alipokianzia, alipokaza mno kwa hasira, na siku aliyokimalizia. Yeyote anayetaka kuiba Ukambani na aibe ng'ombe, aibe mabati, aibe hata kura. Kiondo akiache.

Na hiki hakikuwa na shaka hata kidogo. Kilikuwa na mistari mitatu ya zambarau, na wa tatu ulikatika katikati ukaendelea kwa kijani. Uzi wa zambarau ulimwishia Kavindu kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama, miaka mitatu iliyopita. Akafumua sweta kuukuu ya shule ya Kalekye, akamalizia nayo. Aliyekaa kando yake siku hiyo, akimshikia uzi, alikuwa Mumbua.

"Aiya," Kavindu akasema polepole. "Hii ni yangu."

"Ni yako. Nilimwambia huyo mama anikate pesa ya kibarua anipe hii kiondo, akakubali."

"Na huyo Emily aliitoa wapi?"

"Ati mume wake anafanya biashara ya nafaka huku Mwala. Alileta magunia na vyondo na pickup, Ijumaa, ile siku moja kabla ya moto. Anaitwa Laban. Mwaitu, picha yao ya arusi iko kwa ukuta. Ni yeye! Na huyo mama anamsifu sana. Anasema lori lake liliungua Agosti, sikio ikachomeka, lakini hakukata tamaa. Atarudi nyumbani Krismasi. Na Februari watavuna."

"Februari ya mwaka gani?"

"Elfu mbili!"

Walitazamana. Kisha wakaangua kicheko, wote wawili, mpaka Kavindu akashika mlango. Mtangulizi wa mwisho wa dunia alikuwa amepanda ekari nne za mahindi ya mwaka ujao.

Kicheko kilikatika Mumbua alipofungua kiganja. "Nilipanda mistari tatu nzima kabla nijue. Halafu nikaangalia vizuri. Hii kunde nyekundu ya jicho nyeusi, ni mimi tu niko nayo hapa kwetu. Niliachiwa na mama yangu. Nimepanda mbegu yangu kwa shamba ya mwizi, nikalipwa kibarua."

Kavindu akaingiza mkono ndani ya kiondo. Chini kabisa, katikati ya nyuzi, zilinasa kunde za Mumbua na punje chache za mahindi. Akazichukua punje hizo, akazisugua, akazinusa.

Uso wake ukabadilika.

"Nini?" Mumbua akauliza.

"Mbegu yangu mimi hupaka majivu na pilipili. Hii haijawahi kuona majivu." Akazinusa tena. "Kiondo ni yangu. Mahindi si yangu."

"Si alichanganya tu?"

"Labda."

Lakini hakuridhika, na wewe msomaji usiridhike.

Saa nane mchana wanawake wote kumi na wanne walikuwa mbele ya hema la Nabii. Titus naye alikuwa anapita tu. Waume walikuja nyuma wakijifanya wanawarudisha wake zao.

Nabii alikuwa amekaa akila. Nzige wa siku hiyo alikuwa amekaangwa kwa kitunguu. Kando yake Munyao alikuwa akiandika orodha ya watakaookoka, kwa mwandiko mzuri.

Kavindu aliweka kiondo juu ya meza, karibu na sahani.

"Unajua hii?"

Nabii akaangalia. "Ni kiondo, mama."

"Ya nani?"

"Nitajuaje? Vyondo zote si zinafanana!"

Wanawake kumi na wanne walicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti Nabii akaacha kutafuna. Bwana huyu alikuwa amejua kumtafsiri Malaki, Mathayo na Ufunuo wote na mihuri yake. Hakujua kitu ambacho kila mtoto wa kike wa miaka saba Mwala anakijua.

"Emily anakusalimia," Mumbua akasema. "Anasema ekari nne zimeisha, anangoja wewe ulete dawa ya viwavi. Laban."

Nilitaka kukuambia Nabii alizimia. Hakuzimia. Alifuta vidole, akasimama, akatazama njia ya kushoto, akaona waume. Akatazama ya kulia, akaona Titus amelaza baiskeli yake katikati ya njia.

"Laban ni jina ya zamani," akajaribu. "Hata Sauli aliitwa Paulo."

"Paulo aliacha wizi kwanza," Titus akasema.

"Mbegu!" mwanamke mmoja akalia. "Mbegu zetu, wewe mtu! Mvua iko na siku tatu, nne!" Na wote wakaanza kusogea.

Hapo Laban akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitulia. Hata alitabasamu.

"Sawa," akasema. "Mnasema mimi ni mwizi. Lakini mimi niligusa mbegu ya nani? Mulipeana vyondo kwa nani? Kwa Katibu. Nani alimwaga kwa magunia? Nani alishona? Mimi hata kushika sindano sijui. Muulizeni huyo."

"Wacha kuingiza mume wangu!" Kavindu akamkatiza. "Huyu ni mjinga tu, ulimdanganya kama sisi! Baba Kalekye, waambie!"

Munyao akainamia daftari. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na wino ulikuwa ukidondoka juu ya jina la mtu aliyeokoka.

"Hata ushahidi niko nayo," Kavindu akaendelea kwa hasira. Akafungua leso, akayatupa magunzi mawili mezani, akakunjua kile kipande cha gunia. "Angalieni! Hii ndiyo ilitoka kwa moto. Hii ilishonwa na..."

Akakisogeza karibu na macho.

Siku nne alikuwa amekibeba kipande kile bila kukitazama. Sasa alikitazama. Mshono ulikwenda sawasawa, mishono mifupi iliyolingana, na mwishoni ulirudi nyuma mara mbili ukafungwa fundo lililolazwa chini. Gunia la pumba jikoni kwake limefungwa hivyo. Gunia la makaa limefungwa hivyo. Mto anaolalia umefungwa hivyo. Kwa miaka kumi na minne kiwanda kililipa mtu mmoja kwa ajili ya fundo hilo.

Alijua mkono ule kama anavyojua kiondo chake.

"Uliweka magunzi wewe," akamwambia mumewe. Hakuuliza.

Munyao akainuka. Alimkaribia mkewe mpaka ukingo wa kofia yake ukagusa kitambaa cha kichwani cha Kavindu, na akasema kwa Kikamba, chini sana, maneno ambayo nakupa kwa Kiswahili:

"Nilijua tangu Septemba. Nilikuwa nimeshaandika jina langu kila mahali, sikujua pa kutokea. Lakini yetu sikumpa. Naapa mbele ya Mungu, yetu sikumpa. Kiondo nilikijaza takataka, mbegu nikaimwaga kwenye mzinga, nyuma ya zizi. Yote iko, na majivu yake. Niliwafikiria watoto, Kavindu. Nyamaza tu. Jioni hii tupande."

Basi unabii umetimia, msomaji. Moyo wa baba ulikuwa umegeuka ukawaelekea watoto wake, tena mapema kuliko alivyodhani mkewe. Malaki hakusema watoto wa jirani wale nini.

Mzinga mmoja hubeba mbegu ya ekari moja, labda na robo. Kavindu alijua. Alijua pia kwamba Jumamosi ijayo ardhi itakuwa imeanza kukauka, na kwamba yule mdogo amelamba sufuria tangu Jumamosi. Akigawia nyumba kumi na nne, kila moja itapata mabakuli mawili. Akinyamaza, watoto wake wanne watakula mpaka Julai.

"Amesema nini?" Mumbua akauliza.

Alikuwa amesimama pale karibu, kunde zake sita zimo kiganjani, udongo mwekundu wa Konza ungali chini ya kucha. Nyuma yake wanawake kumi na wawili walikuwa wakingoja.

"Mwaitu," akasema tena, akamshika Kavindu mkono, "si wewe ndiye ulituambia ukweli peke yako pale jabalini, na sisi tukakuachia njia? Tuambie hata leo. Mume wako amesema nini?"

Munyao alikuwa akimtazama mkewe bila kupepesa.

Kavindu akafungua mdomo.